Huyu Anajifanyanga

Siku niliyomwaga chai ya mwalimu, niliacha mteja saluni akiwa amesukwa nusu kichwa. Naanza na hilo kwa sababu wengi hapa Kakamega walisikia habari ya chai tu, tena wakaisikia ikiwa imetiwa chumvi, eti nilimmwagia mwalimu usoni. Sikummwagia mtu. Nilichukua kikombe chake mezani, nikamwaga chai nje ya dirisha, nikakirudisha kikombe pale pale kilipokuwa.

Nilikuwa nimepigiwa simu saa nne asubuhi kwamba mtoto anasumbua. Hawakusema ni mgonjwa, walisema anasumbua. Binti yangu Trizah yuko gredi ya pili na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku kwetu tunauita sikoseli. Shule inajua. Nilipeleka barua ya daktari siku niliyomwandikisha, na nikaeleza kwa mdomo wangu pia: asipigwe na baridi, anywe maji kila mara, na akisema mifupa inauma nipigieni. Nilipofika ofisi ya walimu nilimkuta amelala kwenye benchi, magoti kifuani, sweta imelowa, vidole vimefura hadi havikunjiki. Hakuwa analia. Mwalimu wake wa darasa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo.

"Karibu, Mama Trizah," akasema. "Keti kwanza tuongee. Huyu mtoto wako anajifanyanga."

"Anajifanya nini?"

"Mgonjwa. Kila asubuhi wenzake wakikimbia, yeye ni miguu. Leo nimemwambia akimbie raundi mbili tu, hata mvua haikuwa mingi. Akakaa chini kwa nyasi. Nikasema sawa, leo jikoni kuna chapati, na wenye miguu mibaya hawataweza kufika. Mama, alisimama." Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya, vile mtu hucheka akikuonyesha kitu ulichokuwa ukitafuta na kiko mbele yako. "Sasa huo ni ugonjwa gani unaoponywa na chapati?"

Akanisukumia dayari ya mtoto, kile kitabu ambacho walimu huandikia wazazi. Alikuwa ameshaandika kwa kalamu nyekundu: Trizah hujifanya mgonjwa. Chini yake nafasi ya sahihi yangu.

Hapo ndipo chai ilikwenda dirishani. Niliyoyasema baada ya hapo siwezi kuyaandika yote. Walimu wengine waliacha kusahihisha. Nilimbeba Trizah mgongoni, miaka saba, miguu yake ikinigonga magotini, nikatoka nje ya geti kutafuta pikipiki ya kutufikisha hospitali.

Baadaye watu waliniuliza kwa nini nikasirikie neno moja. Mama Trizah, si ni neno tu. Ni kweli ni neno tu. Ila mimi nimekaa na neno hilo tangu nikiwa mdogo, na jaribio lile la chakula nalijua. Nililiona kwanza likifanywa kwa kuku.

Nililelewa Matungu, kwa senje, dada wa baba yangu. Baba alikuwa ametutoka na mama alikuwa huku mjini akiuza mitumba, akija kutuona mwisho wa mwezi. Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Nafula aliyenizidi miaka miwili. Aliyekulia pande zile hahitaji kuelezwa: miwa mbele ya nyumba, miwa nyuma ya choo, na yale majani yanayochana mikono halafu jasho linaingia kwenye mikwaruzo. Watoto tulikuwa tunapalilia miwa michanga tukitoka shule, na Jumamosi nzima. Kila mtoto alipewa mistari yake. Ukimaliza mistari yako unakaa. Usipomaliza, mwenzako anakumalizia, na mwenzako huyo hakusemeshi hadi Jumapili.

Nafula hakuwa anamaliza. Angeanza vizuri, jembe linapanda na kushuka, anaimba hata, kisha katikati ya mstari anachuchumaa akishika magoti na kusema mifupa inauma. Wiki mbili zinapita yuko mzima, anaruka kamba kutushinda wote. Siku ya kazi au siku ya baridi, mifupa tena. Ukiwa mtoto mwenye mistari miwili ya kupalilia kwa sababu ya dada yako, unaanza kuona mpango. Na senje alikuwa na jina la huo mpango. "Huyu anajifanyanga," alisema. "Mimi namjuanga. Jana si alikuwa anaruka hapa kama mbuzi?"

Neno hilo nyumbani kwetu lilifanya kazi nyingi. Ukinyamaza, unajifanya mnyonge. Ukijibu, unajifanya mjuaji. Mtoto wa jirani aliporudi kutoka Nairobi na viatu vya kung'aa, alikuwa anajifanya. Shuleni tulifundishwa kwamba kujifanya ni kujionyesha kuwa vile usivyo, na nadhani hiyo ndiyo maana yake. Lakini sikuwahi kuona mtu mzima akilitumia baada ya kuchunguza. Walilitumia ili wasichunguze. Likishasemwa, mazungumzo yameisha, rudi shambani.

Senje hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo na bado nimemkasirikia. Aliamka kabla ya jogoo, alituosha miguu yeye mwenyewe tukilala, na hakuwahi kula kabla yetu. Ila alikuwa na imani moja aliyorithi kwa mama yake, kwamba mgonjwa wa kweli hunyang'anywa mdomo, hatamani chakula. Mtu anaweza kulia, anaweza kujikunja, lakini chakula hakidanganyiki. Mtilie shaka, mpikie kitu kizuri, ukae umtazame.

Kwa hiyo Jumanne moja, siku isiyo na mgeni wala sikukuu, senje alichinja kuku. Nakumbuka harufu ya manyoya yakibabuliwa, ile harufu ya nywele zilizoungua, nikijiuliza nani anakuja. Ingokho, kuku wetu wa wageni, haikuwa mboga ya Jumanne. Nafula alikuwa na siku ya tatu kitandani, uso kwa ukuta. Senje alipika taratibu, akaacha mlango wa jikoni wazi makusudi ili mvuke uje ndani, kisha akakaa kwenye kigoda akiwa ameelekea chumba chetu. Hakuita mtu. Mimi ndiye niliyekwenda kumnong'oneza Nafula sikioni, "Ni kuku," kwa sababu niliogopa akilala itaisha na atanilaumu.

Alikuja akishika ukuta. Alikaa polepole kama bibi. Alikula paja moja na obusuma, ugali wetu, kidogo, akanywa mchuzi, na mkono wake ulikuwa unatetemeka hadi mchuzi ukamwagika kwenye gauni. Senje alimtazama hadi mfupa ulipokuwa mweupe.

"Haya," akasema. "Tumeona."

Nilitarajia awe na hasira. Hakuwa nayo. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mtungi. Ilinichukua miaka, hadi nilipokuwa na mtoto wangu, kuelewa ule uso. Alikuwa anaomba Nafula awe anajifanya. Mtoto anayejifanya anahitaji kukemewa tu, na kukemea aliweza. Ugonjwa usiojulikana jina hakuuweza. Kesho yake Nafula alirudi kwenye miwa.

Mimi nilitoka na somo langu tofauti. Niliamini dada yangu ana kipaji. Nilikuwa mtoto, sikuona uwongo katika maneno ya watu wazima, nikaona tu kwamba Nafula anaweza kufanya vidole vyake vifure kwa kutaka, na mimi siwezi. Nilimwonea wivu sana. Darasani mwalimu wa Kiswahili alipotuambia tutunge sentensi kwa kutumia neno jifanya, sikufikiri hata kidogo. Niliandika: Dada yangu hujifanya mgonjwa ili asilime. Nikapata tiki nyekundu. Nilikimbia nayo nyumbani, nikamsomea senje, senje akacheka hadi akajipangusa machozi kwa leso, akanifanya niwasomee wanawake wawili waliokuja kuomba moto. Nafula alikuwa anachambua mboga pale pale. Hakuinua kichwa.

Jioni nilimwomba anifundishe.

"Nikufundishe nini?"

"Kujifanya. Nimechoka na miwa mimi pia."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa na ile rangi ya manjano iliyokuwa inakuja na kwenda. Nadhani alikuwa ameambiwa anajifanya mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika tena. Akanifundisha kweli.

"Anza na miguu," akasema. "Fikiria kuna mtu ndani ya mfupa anatwanga mahindi. Kunja magoti, usinyooshe hata ukiambiwa. Usilie."

"Kwa nini nisilie?"

"Ukilia unatikisika. Ukitikisika anatwanga zaidi."

"Na macho?"

"Macho huwezi. Hiyo inakujanga yenyewe."

Nilidhani ananinyima siri. Kwa siku kadhaa nilikaa nyuma ya choo jua likienda kuzama, nikilitazama bila kupepesa, nikitumaini ile rangi itaingia. Niliona madoa ya kijani hadi wakati wa kula.

Ilipofika Jumamosi nilikuwa tayari. Nilibaki kitandani, nikakunja magoti, nikanyamaza. Senje alipokuja kutuamsha nilisema tumbo, kwa sababu mifupa ilikuwa ya Nafula na niliona si vizuri kumwibia. Senje aliweka kiganja kwenye paji langu. Mkono wake ulinuka moshi na sabuni ya kipande.

"Huyu ni mgonjwa," akasema. "Huyu si wa kujifanya, hajawahi kunisumbua hata siku moja."

Akaniletea chai ya sukari nyingi na mkate, akanifunika kwa blanketi lake mwenyewe. Sikupikiwa kuku, sikujaribiwa na chochote. Kisha akamgeukia dada yangu aliyekuwa amesimama mlangoni na jembe. "Nafula, leo utachukua mistari ya mdogo wako pia."

Nafula alinitazama. Alijua. Yeye ndiye mwalimu wangu, angekosa kujua vipi. Angeweza kunitaja kwa neno moja na nisingekuwa na la kujibu.

"Sawa, Senje," akasema.

Mnaojua mvua ya Kakamega mnajua inavyokuja saa nane mchana, kwanza upepo, kisha giza, kisha mawe. Nilikuwa nimelala nikisikiliza mawe yakipiga mabati, na nilikuwa na furaha. Siwezi kusema uwongo hapa. Nilikuwa nimeshiba mkate, nina joto, na nilifikiri: kumbe hivi ndivyo Nafula huishi.

Walirudi wamelowa chepechepe. Senje alikuwa anatembea mbele, Nafula nyuma, akisimama kila hatua tano. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na alikuwa anapumua juu juu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu kifuani. Akajilaza sakafuni, hakufika kitandani. Senje alimtazama akiwa bado amesimama na majembe mawili mkononi.

"Na leo hakuna kuku," akasema.

Kesho yake asubuhi jirani alimbeba Nafula kwa baiskeli hadi zahanati, zahanati ikasema apelekwe hospitali kubwa. Mama aliacha nguo zake sokoni akaenda kukaa naye. Alikaa naye siku mbili. Siku ya tatu mama alikuja Matungu bila Nafula, na kitu alichorudi nacho ni jina la ugonjwa, limeandikwa kwenye karatasi, jina ambalo senje hakuweza kulisoma. Mama alilisoma kwa sauti mara mbili. Kisha akauliza, kwa utaratibu kabisa, "Alikuwa anasema nini, huyu mtoto, kabla?"

Senje akajibu, "Alikuwa anasema mifupa."

Kwenye mazishi senje alijitupa chini. Alivingirika kwenye matope na leso ikamtoka, wakambeba wanaume wawili. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, mahali wanawake walikuwa wanaosha sufuria, na nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mwone, anajifanya." Mwenzake akaguna kukubali. Nilitaka kuwaambia hapana. Mtu pekee aliyewahi kujifanya katika nyumba ile alikuwa mimi, na nilijua jinsi kunavyofanana, unavyosikiliza nyayo za watu, unavyofungua jicho moja. Senje hakuwa anasikiliza nyayo za mtu. Lakini kusema hivyo kungebidi niseme na lile jingine. Nikanyamaza, na nimenyamaza hadi leo ninapoandika haya. Mama hajui. Senje yuko hai, ni mzee, na nikienda kumwona ananikaribisha kwa chai ya sukari nyingi kwa sababu anakumbuka kwamba nikiwa mdogo nilikuwa na tumbo bovu.

Kwa hiyo mtaelewa nilikuwa nakaa na nini pale hospitali, Trizah ametundikiwa maji, vidole vyake vimeanza kupungua uvimbe. Alipoamka hakuuliza maji wala choo.

"Mama, mtu anaweza kuumwa na akuwe na njaa?"

"Anaweza."

"Mwalimu alisema haiwezekani. Alisema nikitaka chapati basi miguu imepona. Lakini nilikuwa naitaka na ilikuwa bado inauma."

"Najua."

"Sikupata hata hiyo chapati," akasema, na hilo ndilo lililomliza, baada ya yote.

Alilazwa siku tatu. Katika siku hizo mwalimu mkuu alinipigia simu mara mbili. Nilidhani ni kuuliza hali ya mtoto. Mara zote mbili ilikuwa habari ya chai: kwamba mwalimu ameumia moyoni, kwamba nije niombe msamaha mbele ya wenzake, kwamba tusameheane kama wazazi na yaishe. Nikamuuliza, na yale maandishi kwenye dayari? Akasema hayo ni maoni ya mwalimu, na mwalimu ana haki ya kuwa na maoni. Nikahisi mkono wangu unatafuta kikombe kingine.

Aliyenituliza ni yule mteja wangu wa nusu kichwa. Nilipofungua saluni alikuwa mlangoni, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Ni mwanamke wa makamo, karani katika ofisi fulani ya serikali, mtu wa kuongea polepole.

"Nimeenda kazini hivi siku tatu," akasema akiketi. "Wenzangu wanauliza kama nimeokoka."

"Pole, mama. Nilikuwa hospitali."

"Nilisikia. Nilisikia na ya chai." Akaacha nimalize kuchana nywele za upande uliobaki. "Ulipiga kelele sana huko?"

"Sana."

"Sasa hiyo kelele iko wapi leo?"

Niliweka chanuo chini.

"Kelele haiwekwi kwa faili," akasema. "Mimi nimekaa na mafaili miaka yangu yote. Yule mwalimu ameandika, wewe umepiga kelele. Mwaka ujao mtoto ataenda kwa mwalimu mwingine, huyo atafungua nini? Atafungua maandishi. Atasoma kwamba huyu anajifanyanga, na ataanzia hapo. Andika, mama. Na uandike nakala mbili, wakugongee muhuri kwa moja ubaki nayo."

Nilisuka upande wa pili wa kichwa chake. Alipoondoka nilifunga saluni mapema, nikanunua karatasi za fulskapu, nikaandika kama tulivyofundishwa sekondari, anwani kulia, mintarafu katikati. Niliandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili ilikuwa na Nafula. Niliitoa ya pili kwa sababu hawakumjua na singependa wamjadili. Ya nne niliipeleka mwenyewe. Katibu wa shule aliisoma yote akiwa amesimama, akanitazama, akagonga muhuri. Nakala nyingine niliipeleka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo siku hiyo hiyo. Ilisema hivi:

Kwa Mwalimu Mkuu,

MINT: LALAMIKO KUHUSU MTOTO WANGU KUITWA MWENYE KUJIFANYA

Mimi ni mzazi wa Trizah wa gredi ya pili. Nalalamika rasmi kwamba mtoto wangu alikimbizwa kwenye mvua ilhali shule ina barua ya daktari inayokataza; kwamba aliposema anaumwa, alijaribiwa kwa chakula badala ya kusaidiwa; na kwamba mwalimu ameandika kwenye dayari yake kuwa hujifanya mgonjwa. Karatasi za hospitali nimeambatanisha.

Naomba radhi kwa chai. Sitaomba radhi kwa mengine.

Naomba sentensi ile ifutwe, na atakayeifuta atie sahihi yake. Naomba mtoto huyu asikimbizwe kwenye baridi na mtu yeyote. Akisema anaumwa, apewe maji, avuliwe nguo zilizolowa, nipigiwe simu. Mambo ya kutafuta kama ni kweli yafanywe na daktari.

Huenda siku moja atawadanganya. Ni mtoto, na hesabu humchosha. Siku hiyo mtakuwa mmemhudumia mtoto asiyeumwa na mimi nitakuwa nimefunga kazi yangu bure. Nawaomba mkubali kudanganywa namna hiyo, hata mara nyingi. Mimi nimekubali.

Wenu mwaminifu,
Mzazi wa Trizah